Nguruwe Wasio na Panga

Jumatatu, 6 Novemba 1531

Wewe uliyelikuta daftari hili, nakusihi kwa jina la Bikira Maria, usimwambie mtu hata neno moja. Hasa Bwana Rumbold, wakili ninayemwandikia hati. Akinifukuza narudi Kent kwa baba, kukwangua ngozi za ng'ombe. Harufu ile!

Leo kuna fursa. Bwana kalala na mafua. Mjane Thomasin Ludkin kaja analia: nguruwe wa jirani yake, mzee Fettle, wamefukua vitunguu vyake vyote. Crispin, karani mwenzangu, alikuwa kilabuni. Basi hati ya madai nitaiandika mimi! Bwana akipona atakuta kazi imekwisha. Atanipa meza ya dirishani, ile ya Crispin.

Jumanne, 7

Nimefungua kitabu cha bwana cha mifano ya hati. Kazi ni kunakili na kubadili majina. Lakini hofu! Mfano unasema mshtakiwa aliingia shambani kwa nguvu na silaha, yaani panga, pinde na mishale. Nikamuuliza mjane kama nguruwe walikuwa na silaha. Akaniuliza kama nina homa. Na mzee Fettle je? Akasema yule hata kijiko kinamtetemesha. Basi ni uongo, tena mbele ya majaji wa Mfalme! Nimeufuta mstari wote. Nimeandika: nguruwe, wakiwa na pua tu. Hati safi kama maji.

Ijumaa, 10

Maafa huko Westminster, kwenye mahakama ya Mfalme. Wakili wa Fettle aliisoma hati yangu kwa madaha, akauliza silaha ziko wapi. Bila silaha, amani ya Mfalme haikuvunjwa. Isipovunjwa, mahakama ya Mfalme haihusiki na vitunguu. Majaji wakaitupa. Ukumbi mzima ukacheka, hadi wauza mikate. Mjane kanifuata mlangoni: "Mwanangu, ulisomeshwa ili uwatetee nguruwe?"  Sasa aanze upya, na majira ya baridi ndiyo haya.

Jumamosi, 11

Bwana kapona. Hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema hati za namna hii zina panga na pinde tangu enzi za babu yake. Hakuna anayeziamini, hata jaji, ila ndizo mlango wa kuingilia mahakamani. "We Giles, hapa hata bata huletwa mahakamani na upinde wake." Crispin akalia kama bata mchana kutwa.

Hati ya mjane bwana ataiandika mwenyewe. Mimi kanipa nafasi ya mwisho: hati ya kumshtaki padri mzee aliyechuma mapea ya mteja wetu bila ruhusa. Ninakili, nisiguse kitu.

Jumatatu, 13

Nimeelewa! Silaha ni mlango. Silaha nyingi, mlango mpana. Nimenakili panga, pinde, mishale. Halafu, kwa usalama tu, nimempa padri mizinga miwili ya vita. Hati nimeipeleka Westminster kabla bwana hajaamka. Inasomwa Jumatano!

Ukitaka kunipongeza, usipitie mlango wa mbele. Zunguka nyuma ya kinyozi, panda ngazi za mbao, mlango wa kushoto. Ila gonga polepole. Ukigonga kwa nguvu nitadhani ni askari, nami nitakuwa chini ya meza.