Sampuli ya Ndoo Nzima

Mafua makali ya virusi yalipoingia Kanyenye, wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani anakohoa na amekaa na nani. Watu wote waliona ugonjwa. Fikiri, kijana wa Kizaramo aliyeonywa na mkwe mtarajiwa asithubutu kurudi Kisarawe mikono mitupu, aliona ajira.

Akaazima koti jeupe la muuza nyama, akavaa barakoa, akakwapua faili mahali. Doa jekundu la kifuani alisema ni dawa ya maabara. Ukiwa na faili mjini, hata mbwa hukupisha.

Akaanza kwa Justus, muuza asali ya Sikonge.

"Mzee, siku hizi tatu umekaribiana na nani?"

"Luhende," Justus akajibu kabla swali halijapoa. "Huyo mwenye duka la asali hapo mbele. Kanikoholea kwenye mizani. Atafungiwa siku ngapi?"

"Saba."

"Mwandikie kumi na nne, mwanangu. Ana kifua kibaya."

"Inawezekana. Ila nahitaji sampuli ya asali yako."

Justus akaleta kijiko. Fikiri akakitazama kwa huruma ya daktari bingwa.

"Mzee wangu, kirusi ni kidogo mno. Kwenye kijiko tutakikosa. Kitafutwe mahali penye nafasi."

"Ndoo?"

"Kumbe umesoma."

Luhende naye alimtaja Justus, akamwombea siku thelathini, akatoa ndoo mbili kwa moyo mkunjufu. Adhuhuri mkokoteni aliokodi Fikiri ulikuwa na ndoo tatu, na treni ya Dar ilikuwa ya jioni. Mwenye akili angekwenda stesheni. Fikiri alikwenda kwa Bibi Dafrosa, Mnyamwezi mfuga nyuki, aliyesemekana ana ndoo moja uvunguni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi akakohoa. "Theodora wa zahanati kapita asubuhi. Kanitia kijiti puani, kaandika, kaenda zake. Asali hakuiuliza."

"Huyo ni wa kata, bibi. Mimi nimetoka juu."

"Juu wapi? Wewe mtu wa wapi?"

"Pwani, bibi," akajitutumua. "Mzaramo wa Kisarawe, kindakindaki."

Kikohozi cha bibi kikapona papo hapo.

"Kumbe mtani," akasema taratibu, akageukia uani. "Jamani, tokeni. Mtani wetu Mzaramo kaja, tena kaleta asali."

Wakatoka majirani sita, wengine na barakoa, wengine na kanga puani. Ndoo zikashuka. Mmoja akachukua faili la kuwashia moto, mwingine akamvua koti kama anayemvua bwana harusi.

"Bibi, hiyo ni mali ya serikali."

"Serikali ikija tutaiamkia. Babu yangu alibeba pembe za tembo kwa miguu miezi mitatu hadi pwani kwenu. Mkampa nini? Dafu bovu. Ndoo tatu ni kidogo, nimekuonea huruma tu."

Sasa atamshtaki nani? Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu; mtani akichukua hajaiba, na anayenuna ndiye mwenye aibu. Tena polisi wangeuliza asali ni ya nani.

"Mbona hucheki, mtani?" bibi akauliza, akijimiminia asali kwenye chai.

Fikiri akacheka. Akacheka vizuri sana, hata machozi yakamtoka. Na katika yote aliyoyaonyesha Kanyenye siku ile, machozi yale tu ndiyo hayakuwa ya kughushi.