Lile la Kahawia Ni Bovu, Msiliguse

Jumatatu, 3 Juni 1996

Tunanunua gari! Mume wangu Abdimalik bado anadhani uamuzi ni wake. Yeye anataka Landrova kuukuu kama wenzake wa ofisi ya mifugo. Nimemwambia Landrova iko juu, mama yangu na goti lake bovu atapandaje, kwa winchi? Mama yuko Liboi. Idman ana miezi minane sasa na bibi yake hajamshika hata mara moja. Mama hawezi lori. Idman naye akivuta vumbi la lori anakohoa wiki nzima. Kwa hiyo ni gari la chini. Tena la kutosha mimi, baba watoto, watoto wanne na mama mkwe wangu, Hooyo Ebla, ambaye hakubali kukaa nyuma popote duniani.

Rage mwenye malori ana mawili ya Kimarekani uani kwake. Aliyapitisha mpakani Liboi, askari wa kigeni walipofunga virago Mogadishu. Si makubwa kama ya balozi, wala si kama kile kigari cha hedimasta ambacho ukikaa magoti yanagusa masikio. Ni ya katikati. Moja jeupe, moja la kahawia. Nilichungulia kwenye tundu la ua nikijifanya natafuta kuku. Sina kuku.

La kahawia lina kiti cha mbele kimoja, kirefu kama kitanda! Watu watatu mbele! Mama ataingia kama anayekaa mkekani. Jeupe lina viti viwili na kisanduku katikati, na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani.

La kahawia. Basi. Tatizo ni dogo: tuna ngamia sita wa kuuza, Rage anataka bei ya wanane.

Jumanne, 4 Juni

Hooyo Ebla amekwenda kuyakagua mwenyewe, maana ngamia ni wake. Nilimfuata na Idman mgongoni. Akalizunguka la kahawia mara tatu. Akaligonga mbavu. Akamwamuru Rage alifunue mdomo, akachungulia ndani kama anayetafuta meno. Akauliza linakunywa kila baada ya siku ngapi. Rage akasema, Hooyo, inategemea safari. Hooyo akasema hilo ni jibu la mwizi. Akauliza lililelewa na nani. Rage akasema na Wamarekani. Akauliza kama walilipiga.

Mwisho akaridhika: lina kifua kipana. Nikamkanyaga mguu asiseme kwa sauti! Akapiga kelele kwamba mke wa mwanawe amemvunja kidole. Siku nzima nimekanda kile kidole kwa mafuta ya simsim.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya mnada. Idman ameota jino, sijalala, lakini akili inafanya kazi. Marehemu baba yangu alipotaka ngamia mnadani alikuwa akimtukana kwanza. Mguu huu vipi, macho haya vipi, huyu si atakufa njiani? Mwenye ngamia anaingiwa na aibu, bei inashuka. Kwa nini gari liwe tofauti?

Nikaenda kwa Bishara muuza chai. Nikamwambia kwa siri kubwa, nikamwapisha: lile la kahawia ni bovu, msiliguse. Jeupe ndilo gari. Bishara akaapa hatamwambia mtu. Nimemchagua kwa sababu hajawahi kutunza kiapo hata kimoja.

Kisha nikampitia jirani Filsan mwenye duka la vitambaa, maana nimesikia naye anatafuta gari. Nikamsifia jeupe mpaka mate yakanikauka. Akanishukuru. Akampa Idman kofia ya sufi, bure. Nilijisikia vibaya kidogo. Kofia inamkaa vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Inafanya kazi! Bishara ni hazina. Leo nimeambiwa kisimani, na mtu nisiyemjua, kwamba la kahawia lina jini kwenye buti. Mwingine anasema breki zake ni za mbao. Rage ameshuka hadi ngamia saba. Amesimama barabarani anaapa wallahi gari ni zima. Maskini.

Abdimalik aliniuliza kama tungoje zaidi. Nikamwambia tungoje, nikamkonyeza. Nadhani alielewa.

Jumapili, 9 Juni

Hakuelewa.

Saa kumi jioni nasikia honi mlangoni. Abdimalik, meno yote nje. Ndani ya jeupe, dereva wa Rage akiliendesha! Anasema alitaka kunifurahisha. Anasema msikitini, ofisini, kwa kinyozi, mji mzima unalisifu jeupe, hata wanawake wanaojua mambo. Wanawake gani, nikauliza. Akasema hawakutajwa jina.

Kwa sababu ya sifa hizo Rage amelipandisha hadi ngamia wanane. Wawili waliopungua Abdimalik amewafidia kwa mbuzi. Mbuzi wangu.

Akataka kunionyesha linavyowaka, akaingia mlango wa kulia, akakaa dakika nzima akitafuta usukani. Uko kushoto. Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Alikuwa na furaha kama mtoto, ningesema nini? Hooyo Ebla akakaa mbele. Akasema lina kifua chembamba, na kwamba mimi ndiye niliyemvunja kidole alipotaka kusema ukweli.

Jumatatu, 10 Juni

Filsan amenunua la kahawia. Kwa ngamia watano! Amekuja kuniambia mwenyewe. Anasema alisikia ni bovu, lakini kaka yake Guleid, ambaye ni fundi, alilifungua akalitazama, kumbe zima kabisa. Akanishika mkono. “Abaayo Nurto, dada yangu,” akasema, “watu wa mji huu ni waongo, jihadhari nao.”

Nikasema nitajihadhari.

Jumatano, 12 Juni

Safari ya Liboi. Tulipanga kuungana na msafara wa asubuhi unaolindwa na polisi. Nilimvika Idman gauni jipya na ile kofia. Nilipika sambusa arobaini za mama.

Hatukufika hata kwenye kizuizi cha barabarani. Jeupe likachemka, likatoa moshi, likazama mchangani hadi tumboni. Mlango wa kamba ukafunguka wenyewe, sambusa zikatoka. Msafara ukaondoka. Tulirudishwa mjini tukivutwa na punda wawili wa mikokoteni ya maji. Hooyo Ebla alibaki mbele, amenyooka, akiwasalimia watu. Tulipita dukani kwa Filsan. Alitoka nje. Hakucheka. Hilo ndilo baya zaidi. Aliuliza tu mama yangu anakaa upande gani wa Liboi.

Usiku nililia kidogo. Idman akanifuta kwa kofia.

Ijumaa, 14 Juni

Baada ya swala ya Ijumaa, honi. Gari la kahawia! Guleid alikwenda Liboi kuchukua vitambaa vya dada yake. Na kwenye kile kiti kirefu cha mbele, katikati ya Guleid na robota la vitambaa, amekaa mama yangu!

Alishuka bila kushikwa. Goti na yote. Nikampa Idman. Alimnusa kichwa, akamnusa tena. Kisha akasema gari hili, mwanangu, nimelikalia kama kitanda changu, mbona hamkununua kama hili?

Abdimalik akanitazama. Nikaenda kuchemsha chai.

Nimempelekea Filsan sambusa ishirini na nimemshukuru kwa moyo wote. Mungu amlipe. Tukiwa tunakula akataja kwamba Guleid ataka lori, kwa hiyo mwezi ujao huenda wakaliuza la kahawia. Bei hajapanga. Atasikiliza watu wanasemaje.

Nikaweka sambusa chini.

Wakati wa kurudi nimepita kwa Bishara. Nimemwambia kwa siri kubwa, na safari hii nimemwapisha mara mbili: tangu litoke Liboi, lile la kahawia limeharibika vibaya sana. Kuhusu Abdimalik sina wasiwasi. Nimemkonyeza.