Jinsi Josephu wa Chuno Alivyojaza Kikopo

“Simezi, na kikopo sijazi!”

Neno hilo la Josephu, enyi wenye masikio kutoka Chuno hata Likombe, liliruka ukuta likatua dukani kwa jirani, Batulbai, malkia wa mchele na mizani. Sogeeni basi, bananeni mikekani, apitaye na asimame! Nasimulia jambo ambalo hata wasiokuwepo wameshalisimulia kutushinda sisi tuliokuwepo.

Josephu, simba wa bandarini, mbeba magunia ya korosho, aliishi miaka mingi na homa ya ini aina B, akiilaza kwa kidonge kimoja kila siku. Ila Athumani, fundi baiskeli na bingwa wa habari, kamwambia dawa hiyo ikizoeana na mwili hula mifupa na kukausha figo.

“Nitabaki mfuko wa ngozi, mama!” akalia shujaa.

“Athumani huyu huyu aliyesema papai linaziba masikio?” akanguruma Batulbai. “Ndiyo maana daktari anataka damu na kikopo cha mkojo apime figo, mwanangu! Ukiacha dawa kienyeji, kirusi ataamka na hasira za usingizi. Kapime kwanza, ndipo uogope!”

Akaenda hospitali, na malkia nyuma yake, asije akatorokea sokoni.

Damu aliitoa bila kupepesa jicho. Mkojo, loo! Aliingia chooni, kikopo mkononi, kama aingiaye ngomeni. Akasimama. Akangoja. Kibofu, kwa hofu ya majibu, kikafunga malango yote kikameza na ufunguo. Nje foleni ikavimba.

“Baba, unajifungua?” akauliza mama mmoja wa mtaa wa Ziwani.

“Nimezingirwa!” ikajibu sauti.

Ndipo Batulbai, mlezi wa watoto na wajukuu, akakumbuka silaha ya mama wote. Akausogelea mlango: “Shiiii…” Mama wa Ziwani akapokea: “Shiiii…” Benchi zima likaitika, na mlinzi na rungu lake, kana kwamba wilaya nzima inakojolesha mtoto mmoja. Malango yakafunguka! Ngurumo ikasikika, vigelegele vikapaa, na tangu hapo sisi wa Chuno tunahesabu miaka kabla ya kikopo na baada ya kikopo.

Figo zikaonekana salama. “Dawa endelea, mifupa nayo tutaiangalia,” akasema daktari. Josephu akameza kidonge palepale, mbele ya mashahidi.

Mchana ule nyumbani kwa Batulbai sinia la biriani lilikuwa chini, watu wameketi duara, chumvi ya kuonja kabla ya mlo haijaguswa; kwani mila ya nyumba ile ni sinia moja, na haanzi mtu duara halijatimia. Pengo lilikuwa moja. Josephu, ambaye tangu augue alikula peke yake kwa sahani yenye alama, akaganda kizingitini.

“Mama, ini langu…”

“Daktari kasema kula pamoja hakuambukizi, nami nilikuwa nasikiliza mlangoni. Watu wana njaa, baba! Nawa mikono, ingia tule.”