Mahindi Yangu Hayajui Mawimbi

Kwa Mpangaji Njia za Meli,
Mombasa.

Ndugu Mpangaji,

Pokea salamu kutoka Naitiri, ambako bahari haijawahi kufika na, kwa mwendo wenu, mbolea pia haitafika.

Nimesoma ujumbe wenu kwamba meli iliyobeba mbolea yetu ya kukuzia itazunguka mbali, kwa kuwa kumbukumbu za miaka mingi zinaonyesha mawimbi ya msimu huu ni makubwa. Sawa. Lakini mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na niliapa mbele ya watu, tena nimesimama juu ya kiti, kwamba mbolea itafika kabla mahindi hayajapita magoti. Sasa yako kiunoni na yamegeuka manjano. Tukichelewa zaidi tutavuna magunzi. Kwa hivyo nalalamika:

1. Mahindi hayajui mawimbi. Yanajua mvua na mbolea, basi.

2. Nahodha wenu ni mwoga. Ati maji yameinuka kidogo, naye anageuza! Ni kweli sijawahi kuona bahari, na kuogelea sijui, lakini woga nikiuona naujua.

3. Naomba mawimbi yaahirishwe mpaka tumalize palizi ya pili. Kama si kazi yenu, nielekezeni kwa afisa anayehusika. Nitakuja na katibu.

4. Hilo likishindikana, hamishieni bandari Kitale. Uwanja wa maonyesho una nafasi, na sijasikia wimbi likipanda mpaka huko.

Jirani yangu Jentrix hakungoja meli. Aliweka samadi, mahindi yake ni kijani kibichi, na kila asubuhi ananiita "Mwenyekiti" kwa sauti nisiyoipenda kabisa. Inaniuma, bana.

Nisalimieni wafanyakazi wote, hata nahodha.

Wenu ninayengoja,
Festus Wekoye
Mwenyekiti (kwa sasa)

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mbolea imefika, asanteni. Lori liko ng'ambo ya mto wetu, naliona kwa macho. Dereva, Bwana Gicheru, alitaka kuvuka hapo chini, nikamkataza. Mwezi huu mto huu huwa mkali kila mwaka, na tangu enzi za babu yangu hatuuchezei. Nikamwamuru azunguke kupitia daraja la Kamukuywa, ingawa ni mbali. Akiwa bado anageuza, mke wangu Phelista akavua viatu, akavuka, maji yakimfika magotini, akarudi na mfuko kichwani. Sasa amesoma barua hii yote, na anauliza huyo nahodha mwoga anaitwa nani.