Mweupe Anaingia Manjano

Jumapili, 12 Januari 1975

Misa ya kwanza. Benchi zima peke yangu, kama kawaida tangu mke wangu Kokugonza arudi kwao Rubafu. Wiki ya tano sasa. Na kosa langu? Senene tu! Mwezi wa kumi na moja alishika senene, wale panzi wetu wa msimu, debe zima, akawanyonyoa, akawakaanga, akaniletea mezani. Mke akikuletea senene unamnunulia nguo, kila Mhaya anajua hilo. Mimi nikaona mbali zaidi. Nikanunua mizinga miwili ya nyuki, ili mwakani apate nguo tatu badala ya moja. Nyuki hawakuja. Kokugonza akaondoka.

Lakini leo bahati! Nikigeuza matandazo ya migomba kibanjani nimemkuta chatu mchanga, urefu wa mkono wangu. Mweupe pe! Macho mekundu kama buni zilizoiva. Nimemtia kwenye kapu lenye kifuniko. Nimemwita Mweupe.

Alhamisi, 16 Januari

Watu! Nyumbani kwangu! Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa na kupangwa mistari, nyumba yangu ni ya mwisho kabisa, na jioni wote huenda kwa Elieza, balozi wetu wa nyumba kumi. Ana redio. Leo redio imejisemea yenyewe. Wageni kumi na mmoja, kahawa ya kutafuna ikaisha kwenye kikapu. Sijawahi kufurahi hivi kwa kuishiwa kitu. Elieza naye alikuja, akasimama mlangoni, akasema nyoka ni nyoka. Wivu mtupu.

Nimemwandikia Kokugonza. Aje aone chatu mweupe kuliko kanzu ya padri. Nimeapa kwa Mtakatifu Ildefons, somo wangu, kwamba safari hii si maneno matupu. Akiona kijiji kizima kinakuja kwa mumewe, atarudi. Nguo ataisahau.

Jumanne, 18 Februari

Jibu hakuna. Mweupe aliacha kula panya, macho yakaingia ukungu. Nilijua anakufa. Nililia kidogo, si sana. Asubuhi hii nimekuta amevua ngozi, nzima, kama soksi! Macho mekundu tena. Ila mgongoni kuna mabaka, rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Nimemsugua kwa sabuni ya kufulia. Hayatoki. Yeye amenitazama tu.

Nimepika matoke ya watu wawili tena. Mkono umezoea. Nimekula nusu.

Ijumaa, 14 Machi

Amevua tena. Manjano imekolea! Wageni wa wiki nzima ni wawili, na mmoja alikuwa anatafuta mbuzi wake. Elieza anawaambia watu kwamba nilimpaka rangi nyeupe na sasa inachujuka. Nimpake rangi! Hiyo rangi ningeipata wapi? Dukani hata viberiti hakuna.

Nimempeleka zahanati, nikidhani ni ugonjwa wa manjano. Wagonjwa wote walitoka nje, hata yule wa mguu uliovunjika. Bwana Nathanieli, mganga wetu, alipanda juu ya meza na kunieleza kutoka huko. Kwamba wanyama wa namna hii huzaliwa hawana weusi mwilini, na weusi hautakuja kamwe. Manjano wanayo tangu kuzaliwa, ila imefifia, na kadiri wanavyokua na kuvua ngozi ndivyo inavyokolea. Si ugonjwa. Ndio utu uzima wake. Nikaomba dawa ya kumrudisha alivyokuwa. Akasema haipo, nimwache mnyama akue, na tafadhali nifunge kapu.

Msomi mzima, msaada wake ndio huo.

Jumamosi, 29 Machi

Barua imefika! Kokugonza anakuja Jumatatu ya Pasaka. Anataka kumwona kwa macho yake huyo mweupe niliyemwapia mtakatifu. Nimefagia nyumba mara tatu.

Elieza alipita akanikuta nachekecha unga wa muhogo juu ya chatu. Akanishauri nimwonyeshe mke wangu nyoka jinsi alivyo na nimweleze maneno ya Nathanieli. Ushauri kutoka kwa mwenye redio! Mweupe amekaa vizuri sana na unga wake. Hata mimi nimesahau kwamba ni wa manjano.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja. Amenenepa kidogo, amependeza. Nikafunua kapu. Mweupe akatoka polepole, akapita juu ya viatu vya mke wangu, akaacha unga sakafuni mstari mrefu, na kila alipopita akazidi kuwa wa manjano. Kokugonza hakupiga kelele. Aliinama akagusa unga kwa kidole, akauonja. Akasema ni muhogo.

Nikaeleza yote, ngozi, weusi usiokuja, Nathanieli juu ya meza. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema kwa upole kwamba angemkuta wa manjano angeniamini. Unga ndio unaomshinda.

Ameondoka kabla ya chai. Elieza ananiambia Kokugonza alikuwa ameacha mzigo wake wa nguo kwake, nguo zote, na sufuria yake. Alikuja kukaa. Elieza aliponiambia hivyo hakucheka, na hilo limeniuma kuliko kama angecheka.

Nimekaa na kapu magotini. Namkumbuka sana Kokugonza.

Jumatano, 9 Aprili

Ujumbe kutoka kwa baba mkwe, Mzee Lwakatare! Nafasi ya mwisho. Jumapili nifike Rubafu na nguo ya senene, nimkabidhi Kokugonza mbele ya wazee na kusema samahani, basi. Nitarudi naye siku hiyohiyo. Habari ya nyoka nisiitaje kabisa. Mzee tangu utoto anazimia akisikia hata jina.

Na Elieza, siamini, amehangaika duka la ushirika hadi amenipatia kitenge. Kijani, maua mekundu. Kitampendeza kupita kiasi. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 12 Aprili

Kesho Rubafu! Kondakta amesema basi limejaa wanaokwenda sokoni, kila abiria mzigo mmoja tu, hata kifurushi kinahesabiwa. Nimefikiri tangu asubuhi. Kitenge chochote, mwanamume yeyote anaweza kupeleka. Lakini nani atawathibitishia wale wazee kwamba sikumdanganya binti yao? Samahani ya nini wakati nilisema kweli?

Kitenge kitanisubiri hapa. Nimemwosha Mweupe, hana hata chembe ya unga, na manjano yake inang'aa. Nathanieli ameniandikia cheti chenye mhuri. Kwa heshima ya baba mkwe nimefunga kapu kwa kamba mbili, nitalifungua taratibu akiwa ameshakaa.

Maneno ya kwanza ya kumwambia Kokugonza nimeshayapanga, nimeyarudia mara kumi mbele ya kioo: Umeona sasa?