Kikohozi cha Mzee Asukile

Jumatatu, 2 Julai 1956

Baridi. Maji ya ndoo yaliota ngozi ya barafu alfajiri. Nimelala na koti na suruali mbili, na bado vidole vimekataa uzi. Fundi cherehani asiyeweza kushika uzi ana faida gani hapa Mbeya?

Chumba changu ni cha mwisho uani, kimegawana ukuta na choo. Sisemi zaidi. Lakini leo kuna habari njema. Saulo, yule karani wa chumba cha mbele, amehamia Uyole. Chumba cha mbele! Dirisha linatazama barabara. Cherehani ingekaa pale, wapita njia wangeniona nikishona. Na Evarista ningempata. Baba yake kule Ipogolo, Iringa, alisema wazi kwamba hamtoi binti yake kwa mtu anayelala huku akisikiliza choo. Jumamosi kaka yake, Bartholomeo, atapita hapa na lori la vitunguu kuja kuona ninapoishi.

Nikamkimbilia Bibi Damari, mwenye nyumba. Akasema hana haraka. Yotamu na mkewe Tusekile nao wamekiomba, tena wana mtoto mchanga. Atakitoa Jumapili baada ya ibada, kwa yule atakayeona anaishi vema na wenzake.

Kuishi vema na wenzangu. Nina miaka miwili katika nyumba hii na jambo hilo halijawahi kunijia. Jioni nimeandika karatasi: Mashauri ya Kuishi kwa Raha katika Nyumba ya Watu Wengi. La kwanza, wahi kumsalimu jirani kabla hajakusalimu. La pili, fagia ua bila kuambiwa. Nimeibandika kwa uji kwenye mlango wa ua, ambapo Damari hupita akienda bombani.

Jumanne, 3 Julai

Niliamka mapema nifagie. Tusekile alikuwa ameshafagia. Huamka saa ngapi mwanamke huyu? Na alifagia mpaka mbele ya mlango wangu, jambo lililoniudhi zaidi. Nikafagia upya, kwa nguvu, ili Damari asikie ufagio. Vumbi la Julai halina adabu. Likapanda, likatua kwenye vitambaa vya mtoto alivyokuwa ametoka kuvianika.

Tusekile akatoka, akavitazama, akanitazama. Akavikusanya, akaenda kuvifua tena kwa maji yale ya barafu. Damari alikuwa amesimama kizingitini. Akaniuliza kama hilo ndilo shauri la pili au la tatu.

Aibu. Nimejifungia na kupiga pindo suruali za watu mpaka jioni.

Jumatano, 4 Julai

Ua wetu una pembe moja tu inayopata jua la asubuhi, pale karibu na jiko. Tusekile hukaa hapo. Anamenya viazi, anabembeleza mtoto, anamjazia Damari mtungi, yote hapo kwenye jua, wazi kabisa. Mimi niko kivulini na karatasi yangu. Nitamshindaje?

Ndipo shetani akanikumbusha jambo. Wakati wa mavuno, Mzee Asukile, baba yake Yotamu, alikuja kutoka Tukuyu. Alikohoa nje ya ua, na Tusekile akatupa mwiko, akajitosa chumbani. Hakutoka mpaka mzee alipoondoka. Yotamu alinieleza kwamba kwao Unyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni mkamwana. Ndiyo heshima. Kwa hiyo mzee yule hakohoi kwa ugonjwa. Hukohoa mara tatu, akangoja, ndipo aingie. Kwetu Uhehe nasi tunawaheshimu wakwe, lakini sijaona mtu wa kwetu akitupa mwiko.

Saa tatu nilizunguka nyuma ya ua wa matete. Nikakohoa mara tatu, kizee.

Mwiko ukalia chini. Mlango ukafungwa. Nikangoja kidogo, nikaingia kama mtu atokaye sokoni. Jua lote langu. Moto wake ulikuwa umekolea, nikachomea viazi vyangu. Damari alipopita alinikuta nimemjazia mtungi. Akasema, ahaa.

Ndani mtoto alikuwa akilia. Nikaona haya. Nikala kiazi cha pili, haya ikapungua.

Alhamisi, 5 Julai

Mara mbili leo, asubuhi na saa nane. Kikohozi nimekitengeneza. Naanza kwa kukwaruza koo, namaliza kwa pumzi ndefu ya mtu aliyepanda mlima. Mara ya pili Tusekile alikuwa akimwogesha mtoto. Akakimbia naye, povu kichwani. Beseni likabaki uani, maji yakapoa.

Mimi nilifagia. Nilipasua kuni. Nilimsaidia Damari kuchambua maharage, nikatoa hata mawe madogo. Akanisifu. Kisha akauliza Tusekile ana nini, mbona siku hizi hatoki. Nikajibu kwamba mwanamke aliyejifungua karibuni huchoka, tumwache apumzike. Nilisema kwa upole mwingi. Ni upole ule unaonichoma sasa, kuliko hata kikohozi.

Nimeongeza shauri kwenye karatasi: mpe jirani yako nafasi.

Ijumaa, 6 Julai

Mambo yameharibika.

Yotamu alikuja chumbani kwangu asubuhi, uso umemshuka. Akanieleza kwamba mkewe amesikia baba amefika mlangoni mara tatu juma hili, na mara zote tatu amegeuka bila kuingia. Mzee anayefika kwa mwanawe akaondoka bila kuonja chakula ana jambo moyoni. Yotamu hajui amemkosea nini. Amekesha akijipekua na hajaona. Kwa hiyo anapanda lori kwenda Tukuyu kuomba radhi. Amebeba kuku. Amebeba na blanketi waliyomnunulia mtoto, kwa kuwa hana kingine kipya cha kumpelekea mzee.

Blanketi ya mtoto, katika baridi hii!

Nikafungua kinywa niseme ukweli. Naapa nilikifungua. Kilichotoka ni: safari njema.

Kwa aibu nikavua koti langu nikamvisha. Yotamu akakaribia kulia. Akasema jirani kama mimi hapatikani, na aliyasema hayo uani, mbele ya Damari. Damari akanitazama kama anayetazama mtu ambaye funguo zake zimeshatengwa. Nilitakiwa kufurahi. Nilikwenda kukaa chumbani upande wa choo, mahali panaponifaa.

Leo sikukohoa hata mara moja. Naandika ili ijulikane.

Jumamosi, 7 Julai

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Asubuhi nilijiambia mara moja tu, ya mwisho. Bartholomeo anakuja. Ilipasa anikute kwenye jua, moto unawaka, ua uko chini yangu. Nikaenda nyuma ya matete, nikakohoa. Mwiko haukulia. Nikachungulia. Upande wa pili wa matete kulikuwa na jicho la Tusekile, limenikazia. Hatukusalimiana, ingawa hilo ndilo shauri la kwanza. Yeye akarudi kwenye viazi vyake. Mimi nikarudi kitandani, nikakaa na viatu.

Bartholomeo akafika saa sita. Tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene. Damari akampa kigoda, akaanza kunisifu. Bartholomeo akasimama mlangoni mwa ua akisoma mashauri yangu kwa sauti, akasema baba atapenda kusikia haya. Nikaanza kuamini kwamba Mungu ni mwenye huruma. Akarudi kigodani.

Ndipo kikasikika nje ya matete. Kikohozi. Mara tatu.

Mimi nilikuwa nimeketi mbele ya watu, lakini Tusekile alikuwa ndani ya jiko na hakuniona. Alisikia tu, akajua ni mimi. Akatoka na beseni la maji ya viazi, macho yamewaka, akafika mlangoni kwa hatua nne na kumwaga.

Alikuwa Mzee Asukile mwenyewe. Nyuma yake Yotamu, na koti langu. Mzee alipoombwa radhi kwa hasira ambayo hakuwa nayo, alishangaa, akapanda lori la kwanza kuja kusema kwamba hana neno na mtu. Alirudisha na blanketi.

Maji yalimpata miguuni tu. Lakini walionana. Uso kwa uso, mkamwana na baba mkwe, mchana kweupe. Mzee akageuka, akafungua mwavuli wake mweusi akajikinga nao mgongoni. Tusekile akaanguka chini, akajifunika kanga kichwa kizima. Nilidhani atapiga kelele. Alilia kidogo kidogo, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mimi nilitamani ule ukuta wa choo uniangukie.

Akajikokota mpaka chumbani akiwa amejifunika. Kutoka ndani akamwambia mumewe amwombe Fundi Kalinga, aliyechomea viazi kwenye moto wake, akohoe.

Yotamu hakuelewa. Mzee alielewa. Bila kugeuka, akaniambia nikohoe. Nikasema koo langu ni zima, halina shida. Akasema ndiyo maana ananiomba.

Nikakohoa. Mara tatu, pamoja na ile pumzi ndefu ya mwisho, kwa kuwa nilishazoea.

Bartholomeo alicheka kabla hajajizuia, kisha akatazama chini. Yotamu akavua koti langu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mawe. Afadhali angelitupa. Mzee akasema, akiwa bado ametugeuzia mgongo:

“Mwanangu, mimi sina kingine cha kumpa mkamwana wangu. Kumsalimu siwezi. Kumwona mjukuu akiwa mikononi mwake siwezi. Nina kikohozi hicho tu, ndiyo heshima yangu kwake. Na wewe umekiiba ukachomee viazi.”

Nililiokota koti langu, nikashindwa kulivaa.

Mambo ya kuonana kwao, mzee akasema, wanawake wa nyumbani watayatengeneza kimila kwa yule kuku wa Yotamu. Kazi yangu ni pazia. Nishone pazia la kitambaa kizito cha marekani likate ua kutoka mlango wa jiko hadi ukutani, ili Tusekile apite bila hofu. Alionyesha mahali kwa ncha ya mwavuli, akachora mstari vumbini.

Damari hakungoja Jumapili. Chumba cha mbele akampa Yotamu pale pale. Kina mlango wa barabarani, akasema, kwa hiyo mzee atapokelewa kule bila kukanyaga ua, na pazia litamficha Tusekile akiwa jikoni. Sikuweza kubisha. Mimi mwenyewe nimewatafutia sababu.

Nikamsindikiza Bartholomeo mpaka kwenye lori. Nikamwuliza atasema nini kule Ipogolo. Akajibu atasema alichokiona, haongezi wala hapunguzi. Nikamwambia ningependelea apunguze. Akapanda juu ya magunia.

Jumapili, 8 Julai

Nimekwenda misa. Nimeungama. Padre alikohoa katikati ya maungamo yangu, nikashtuka nikasahau dhambi moja.

Niliporudi nilikuta Damari ameongeza shauri kwenye karatasi kwa mkono wake: mtu akikohoa mlangoni, ataje jina lake. Kila mpita njia amelisoma. Watoto wa nyumba ya pili tayari wanapita wakikohoa na kutaja jina langu.

Mchana kulibishwa hodi, na nilipofungua hapakuwa na mtu. Sahani tu kizingitini, ndizi za nyama kutoka kwa Tusekile. Hakuna ujumbe. Mtu niliyemfungia ndani siku mbili, niliyemlaza mwanawe bila blanketi, ameniletea chakula kwa sababu jana hakuona moshi kwangu. Nimekula nikilia. Nimeapa juu ya sahani hiyo kwamba mimi ni mtu mpya.

Kisha nikaanza pazia. Nimepima mstari wa mzee mara mbili. Likikaa pale alipochora, pembe ya jua inabaki yote upande wa Tusekile. Nimefikiri sana. Tusekile sasa ana dirisha la mbele, jua la nini tena? Likisogea hatua mbili tu halimdhuru mtu. Mzee yuko Tukuyu, na mstari ulikuwa wa vumbi. Nimeufagia. Shauri la pili.

Tangu asubuhi nina kikohozi cha kweli, malipo ya kushinda Ijumaa bila koti. Kila nikikohoa Damari ananiambia kutoka chumbani kwake kwamba inatosha. Lakini kila jambo lina faida yake. Nimemwandikia Evarista. Nimemweleza kwamba kaka yake alinikuta mgonjwa sana wa kifua, nakohoa mbele ya wageni bila kujizuia, na kwamba akisikia habari yoyote ya kukohoa asishangae, anihurumie. Dereva wa Iringa ataibeba kesho. Nimekohoa mara tatu nikiiandika, kwa hiyo si uongo.