Malalamiko Dhidi ya Kifaa cha Kidoleni Kilichonivua Udaktari

Kwa Mratibu,
Utafiti wa Magonjwa ya Watoto,
Zahanati ya Kijiji.

Kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ameisoma barua hii, amecheka, na amekataa kugonga muhuri.

Ndugu Mratibu,

Natumaini hujambo wewe na timu yako yote, na kwamba gari lenu lilishatoka kwenye tope la Kabungu. Sisi huku ni wazima, isipokuwa heshima yangu, ambayo inaumwa tangu mwaka juzi na haijapata nafuu.

Mimi ni mfugaji, jirani yenu hapa barabara ya Sitalike. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Meatu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwa miaka kumi na tano nimewachoma sindano ng'ombe wangu na wa majirani, na wengi walipona, ndipo watu wakaanza kuniita Daktari. Jina hilo sikulikataa. Mtu akishaitwa Daktari mnadani, akirudi nyumbani anaanza kutibu na watoto. Kipimo changu kilikuwa kimoja. Ndama mwenye ndigana huvimba tezi chini ya sikio, kwa hiyo mtoto akichemka nilimpapasa hapo hapo. Tezi zikiwa zimevimba, nilitoa dawa. Zisipovimba, nilisema ni meno. Hata shangazi yangu wa miaka sitini niliwahi kumwambia ni meno.

Kisha mkaja nyie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fomu ya ridhaa. Nesi Vestina alinisomea kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu akasema naruhusiwa kujitoa kwenye utafiti wakati wowote bila kutoa sababu. Ndugu Mratibu, mimi sababu ninazo, tena nyingi. Kuniambia hazihitajiki ni kunidharau. Ndiyo maana mpaka leo sijajitoa.

2. Kura. Mlipiga kura ya vijiji, chetu kikapata kifaa hicho cha kubana kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, cha jirani kikabaki na matibabu ya kawaida. Nilikuja mwenyewe kuomba tuhamishiwe upande wa kawaida. Nikaelezwa kwa upole kwamba hata huko hakuna mtu anayepapasa masikio.

3. Mwanangu Ezekia kupona. Mwezi wa tatu alikohoa na kuchemka. Safari hii tezi niliziona zimevimba, nikatangaza mbele ya majirani kwamba ni nimonia, na nikataja hadi rangi ya kapsuli atakayopewa. Mke wangu Nyanzala, ambaye hapa wote tunamwita Mama Mercy, akampeleka kwenu. Nesi alimbana kile kifaa kwenye kidole gumba cha mguu, akahesabu pumzi zake dakika nzima kwa saa, akabonyeza kishikwambi, akasema ni mafua. Apewe maji na ziwa la mama kwa wingi, na arudishwe haraka akizidiwa. Antibiotiki hakuna. Nyumbani nina kopo la majani ya chai ninamohifadhi kapsuli zilizobaki kwa wagonjwa waliopita, nikataka kumkatia nusu. Mama Mercy akalificha kopo. Siku ya nne mtoto alikuwa anafukuza kuku. Amepona bila dawa na bila mimi, na hakuna aliyeniomba maoni.

4. Simu ya siku ya saba. Utaratibu wenu ni kumpigia mzazi siku ya saba kuuliza hali ya mtoto. Mlinikuta mnadani Kibaoni, nikiwa katikati ya kuwaeleza wafugaji wenzangu kwamba watafiti hawa wanacheza na maisha ya watoto. Simu yangu ni mbovu, haisikiki mpaka niweke spika. Basi mlivyouliza, watu wote walisikia, na nilivyojibu kwamba amepona kabisa, walisikia pia. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe alicheka mpaka akaketi chini. Naomba siku ya saba ihamishwe.

5. Wagonjwa wangu kunikimbia. Jirani yangu Melkior, mkulima wa mpunga, alikuja na mjukuu wake anayekohoa. Nikainuka, nikanawa mikono, nikakohoa kidogo kitaalamu. Akanipita. Alikuwa anamtafuta Mama Mercy, ambaye mlimfundisha dalili za hatari, na sasa anahesabu pumzi za watoto wa kitongoji kizima huku amewapakata. Mimi niliombwa nishike mbuzi wa mgeni asile mahindi yetu. Nilimshika.

6. Hili nimeliandika mara tatu na kulifuta. Mke wangu anaitwa Mama Mercy, lakini mkija kwetu hamtamkuta Mercy. Alikuwa na miaka miwili. Msimu wa mvua wa mwaka 2019 alichemka, akawa anahema haraka haraka, nami nikampapasa chini ya sikio mbele ya mama yake. Tezi hazikuwa zimevimba. Nikasema ni meno, nikarudi kwa ng'ombe. Siku ya tatu tulimzika. Miaka yote hiyo nimejiambia kwamba hapakuwa na mtu ambaye angeweza kujua. Kisha mkaja na kitu kidogo kama kibanio cha nguo, pamoja na nesi mwenye saa, na dakika chache zikatosha. Sasa siwezi tena kujiambia hivyo, na inaniuma sana. Mama Mercy hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo nalo linaniuma. Lalamiko langu hasa ni hili. Yale matano niliyatanguliza ili nipate ujasiri wa kulifikia.

Kwa hiyo naomba kifaa kiondolewe kijijini. Kama haiwezekani, mwandike kwenye ripoti yenu kwamba kilichelewa kufika. Na kama hilo nalo lina ugumu, basi vidole vyangu viingizwe kwenye utafiti, vishindanishwe nacho, vishindwe rasmi, nami nipewe karatasi yenye muhuri ya kuwaonyesha watu ili waache kuniita Daktari. Nikiwaambia kwa mdomo wanadhani najishusha.

Nisalimie Nesi Vestina, dereva, mlinzi wa zahanati na wote wanaojaza vishikwambi. Melkior naye anawasalimu, ingawa sikumwomba.

Mwenye malalamiko,
Malale Manyanda

Nyongeza: Mwandiko umeharibika kwa sababu naandikia juu ya tanki la pikipiki. Pikipiki hii inayoleta barua ndiyo iliyowabeba Mama Mercy na Ezekia. Tangu alfajiri mtoto amekataa ziwa, na kifua kinabonyea akivuta pumzi. Sijampapasa popote. Tafadhali mbaneni kile kifaa kabla hamjaifungua bahasha hii, na msikiondoe kijijini, leo wala mwakani. Mimi nafuata kwa baiskeli. Wakiniuliza mlangoni nina shida gani, nitasema nimekuja kumwona mwanangu.